Vidole Viwili vya Karatasi

Mimi na Papa Isidore hatusemezani. Musifikiri tumegombana. Ni baba ya bwana wangu, na kwetu mwanamuke hamusemeshi mukwe wake uso kwa uso. Hamuangalii machoni, hamupi kitu mukono kwa mukono, na zaidi ya yote hamukosoi. Mukwe akitoka nyumbani amevaa shati ndani-nje, utaiacha shati ikae ndani-nje mpaka apatikane muntu mwingine wa kumuambia. Ukivunja, unapeleka kuku na unaomba musamaha. Mimi naipenda hiyo heshima maana inanifunga mudomo. Kataki nzima, mutaa wetu, wanajua mudomo wangu ulivyo. Bila bukwe, hiyo heshima ya wakwe, ningekuwa nimekwisha kumuambia yule muzee maneno ya kujutia tangu mwaka wa kwanza wa ndoa.

Nyumbani ni rahisi. Kuna ukuta kati ya nyumba yake na yetu, kuna watoto, kuna Urbain bwana wangu wa kupeleka maneno huku na kule. Taabu ilikuwa kazini, kwa sababu tulifanya kazi ndani ya chumba kimoja.

Biro yetu ilikuwa ya mafunzo ya wakunga. Wanawake walitoka Pepa, Nyunzu, Manono, wakasoma kwetu Kalemie, wakarudi kwao na sertifika ya kufanya kazi katika zahanati. Mimi nilikuwa daktilo, yaani mupiga barua. Papa Isidore alikuwa mukataji wa karatasi. Alikuwa na masiko yake, ile mashini ya chuma yenye kisu kirefu na mukono wa kuvuta, na kila furushi la karatasi lililofika lilipita kwanza kwake. Zamani alikuwa kwenye kiwanda cha kuchapa vitabu. Kiwanda kilipofungwa, biro ikachukua masiko na ikamuchukua naye pamoja, kama sufuria na kifuniko chake.

Yeye njo aliniombea kazi. Nilisikia baadaye alivyomuambia mukubwa wa wakati ule: "Mupe huyo mama, anajua kupiga mashini. Ila usimukasirishe."

Basi tutasemezanaje? Kati ya meza yangu na masiko yake kulikuwa na kabati la chuma, la kijani, kubwa kama mulango. Tulisema na kabati. Mimi nasema, "Kabati, karatasi zimekwisha." Yeye anajibu kutoka upande wa pili, "Kabati, muambie mama ya wajukuu wangu nakata zingine sasa hivi." Kisha anaziweka juu ya kabati, anarudi kukaa, mimi nasimama nazichukua. Wageni walicheka. Wacheke tu. Miaka yote ile kabati halikukosea hata neno moja.

Mwaka wa tisini na mbili tukapata mukubwa mupya, Papa Adalbert. Watu walikuwa wamerudia kuvaa kravati na kuitwa majina ya ubatizo, vitu ambavyo serikali ilikuwa imekataza, bila kuogopa, na yeye alikuwa na kravati tatu akizibadilisha kama taa za barabarani. Hakuwa mubaya. Alikuwa na haraka. Alituletea ordinatere, yaani kompyuta, kutoka Lubumbashi, pamoja na imprimante, ile inayochapa kwenye karatasi, na siku ilipowashwa akatukusanya wote.

"Mashini hii," akasema, "itafanya kazi ya watu watatu."

Ukiwa muntu wa mushahara, maneno hayo yanakufanya uhesabu watu waliomo chumbani. Mimi nilikuwa na bahati, nilikuwa nimechaguliwa kufundishwa. Lakini Papa Adalbert aligeuka akaangalia masiko. "Na huyu muzee wetu, tukimaliza sertifika za wakunga, tutamupumzisha. Siku hizi karatasi zinakuja zimekwisha kukatwa. Masiko ni ya nini tena?"

Papa Isidore alipangusa kisu na kitambaa chake cha buluu, akapangusa tena mahali palepale.

Niliogopa. Nitasema wazi, niliogopa sana. Tangu Mama Élisabeth, muke wake, alipofariki, yule muzee alikuwa hana kitu kingine cha kumutoa kitandani asubuhi. Wenzake wa kiwanda cha kuchapa, Hippolyte na mwingine aliyekuwa anaishi ngambo ya muto Lukuga, walipokosa kazi walikaa kwenye baraza wakiangalia barabara, na masika haikwisha tukawazika wote wawili. Hawakuugua ugonjwa wenye jina. Nilijua na huyu wetu atakwenda hivyohivyo. Urbain alijua pia, lakini Urbain ni muntu wa reli, alikuwa Kabalo na treni, na treni ya Kabalo hurudi inapopenda.

Sasa mashini yenyewe. Fundi aliyeileta aliitwa Salomon, kijana muchangamfu, anasema kifaransa cha Lubumbashi na kiswahili cha Lubumbashi kwa pumzi moja. Alinifundisha programu ya kuandikia sertifika. Unaingiza jina la mukunga na mahali anapotoka, programu inapanga yenyewe maneno. Kisha inapima ukurasa unaishia wapi, na chini kabisa inaweka jina na cheo cha Dokta wa kusaini. Hapo hutagusa. Salomon alisema ni sheria ya wakubwa: sahihi ikae chini ya ukurasa, pasibaki nafasi ya muntu kuongeza maneno yake.

Kabla ya kuondoka akanionyesha jambo moja la mwisho. Alitoka ndani ya programu, kioo kikabaki cheusi, na kimustari kimoja kinapepesa pembeni.

"Hapa njo nyumbani kwake, Mama Henriette," akasema. "Hapa mashini inangojea amri. Ukitaka kujua inafikiri karatasi ni ya ukubwa gani, andika PAGE. Itakuonyesha. Ukitaka kubadilisha na umesahau namna, andika PAGE, weka mukwaju, ule mustari ulioinama, na alama ya kuuliza. Itakueleza yenyewe."

"Na nikikosea?"

"Itakuambia amri yako ni mbaya. Utaandika tena. Haina hasira kama wewe."

Nilimufukuza nikicheka, akapanda treni.

Wiki ya sertifika ikafika. Sherehe ilikuwa Siku ya Posho, yaani Jumamosi, na Dokta Eugène, muganga mukaguzi, alikuwa amefika kuzisaini. Alhamisi asubuhi nikaweka karatasi, nikaingiza jina la kwanza, nikabonyeza. Imprimante ikalia vizuri, ikachapa kichwa, ikachapa jina la mukunga, ikashuka mpaka chini. Kisha ikasimama ikapiga kelele, piii, ikavuta karatasi ya pili, na juu ya ile ya pili ikachapa: Dokta Eugène, Muganga Mukaguzi. Jina limekaa juu peke yake kama kofia isiyo na muntu, na sertifika ya kwanza haina wa kuisaini.

Nikarudia. Hivyohivyo. Nikazima, nikawasha, nikaomba, nikatukana kidogo kwa lugha ya kitabwa ili mukwe asielewe, ingawa nadhani anaelewa. Hivyohivyo. Chini ya meza karatasi zilizoharibika zikaanza kupandana.

Papa Adalbert akaingia, akainama, akaokota moja.

"Hii ni nini?"

"Shefu, inakataa jina la Dokta."

"Mashini haikatai jina la muntu, mama! Kuna muntu anayeiharibu." Alikuwa amekuwa mwekundu machoni. "Karatasi hizi zimevuka ziwa kutoka Kigoma. Sisi hatuna zingine. Nikimujua anayeharibu karatasi zangu, leo hiihii anarudi kwake. Umesikia? Leo hiihii."

Akatoka. Mimi niharibu! Mimi niliyepiga barua za biro ile tangu wakati wa karatasi za stensi, bila kukwaruza! Nikakaa kitako, nikasema, basi mashini, tuonane mimi na wewe.

Nikatoka ndani ya programu. Kioo kikawa cheusi, kimustari kikapepesa. Nikaandika P, A, G, E, kwa kidole kimoja, nikabonyeza.

Ikajibu bila kukawia, kwa kifaransa chake kifupi: karatasi A4, urefu milimita mia mbili tisini na saba.

Nikaokota ganda la furushi kutoka ndani ya kapu. Limeandikwa A4. Chini yake, kwa herufi ndogo, milimita mia mbili tisini na saba. Mashini inasema hivyo, ganda linasema hivyo. Wanapatana kama mapacha, na bado jina la Dokta linaruka ukurasa. Nikaandika tena PAGE, labda mara ya pili itaona haya na kusema ukweli. Ikarudia jibu lake.

Nikachukua rula ya mbao. Sijui kwa nini sikuichukua tangu mwanzo. Nikapima karatasi iliyokuwa mbele yangu, kutoka juu mpaka chini. Mia mbili na sitini. Nikapima nyingine. Mia mbili na sitini. Karatasi ya A4 yenye upungufu wa vidole viwili!

Wakati uleule, nyuma ya kabati, nikasikia: kwaaa. Kisu cha masiko kinashuka.

Mungu wangu. Nilifunga mudomo na mikono miwili.

Kumbe ni hivi. Karatasi za zamani, zile za wakati wa Wabelgiji, zilikuwa ndefu. Hazikuingia ndani ya masanduku ya chuma ya kuwekea barua. Ndiyo maana Papa Isidore alipewa kazi ya kukata vidole viwili vya chini katika kila furushi, na vile vipande vyembamba hakuvitupa. Vilikwenda zahanati, ngambo ya uwanja, kwa Mama Monique mugawa dawa, avifungie vidonge na kuandikia muntu anywe mara ngapi. Kisha karatasi ndefu zikaisha, zikaanza kuja hizi za A4, na hakuna aliyemuambia muzee kitu. Akaendelea kukata vidole vyake viwili. Nami sikuona, maana kwa mashini ya kupiga barua karatasi inapokwisha na wewe unaishia hapo. Nilikuwa napiga barua kwenye karatasi fupi miaka na miaka, nikiwa na furaha yangu.

Nilicheka. Halafu kicheko kikaniishia. "Nikimujua anayeharibu karatasi zangu." Basi nilikuwa nimemujua.

Ningefanya nini? Kumuambia muzee, "Papa, unakosea"? Afazali nikatwe ulimi na hiyo masiko. Kusema na kabati? Kabati tunalituma na salamu na haja za kazi. Hatulitumi kumukosoa mukwe. Urbain yuko Kabalo. Nikavuka uwanja mpaka kwa Mama Monique, rafiki yangu, ambaye si mukwe wa muntu yeyote pale.

Nikamueleza yote. "Nenda wewe umuambie pole pole aache kukata," nikasema. "Kama unacheza tu. Lakini Shefu asijue kamwe."

Monique akaweka chini kopo la kinini. "Mimi? Nimuambie aache? Na dawa nitafunga na nini, Henriette? Na majani ya ndizi?"

"Monique!"

"Aka! Nina wagonjwa hapa. Vipande vya Papa Isidore njo vinaniokoa. Tafuta njia ingine."

"Basi usimuambie muntu."

"Mimi tena?" akasema, akajishika kifua.

Nikarudi na hasira. Nikakaa mbele ya kioo. Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, nikaandika PAGE, mukwaju, alama ya kuuliza, kama Salomon alivyosema. Ikanishushia maelezo yake. A4. Karatasi za barua za Amerika. Na chini, karibu nisione: "Ingine: andika urefu kwa milimita."

Ingine! Nikasoma mara ya pili na mara ya tatu. Kwa hiyo mashini haikuwa na kichwa kigumu. Ilikuwa inangojea kuambiwa. Muzee siwezi kumuambia, lakini mashini si baba ya bwana wangu. Nikaandika mia mbili na sitini, nikabonyeza. Nikauliza tena PAGE, ikajibu: ingine, urefu mia mbili na sitini. Hivyo tu, bila kubishana.

Nikaingia katika programu, nikachapa sertifika moja. Jina la Dokta likakaa chini ya karatasi fupi, mahali pake, limetulia. Nikataka kuinuka kucheza. Muzee atakata karatasi zake, Monique atapata vipande vyake, Shefu atapata sertifika zake, na hakuna atakayejua. Nikasema kwa sauti, "Kabati, mashini imepona."

"Kabati, nashukuru kusikia," akajibu muzee, na sauti yake ilikuwa ya chini kuliko siku zote. Nilikuwa na furaha sana, sikuisikiliza ile sauti.

Ijumaa nikafika mapema. Juu ya kabati palikuwa na karatasi za kutosha, zimepangwa vizuri. Nikapakia, nikaingiza majina, nikachapa sertifika zote moja baada ya moja. Ni pale nilipozikusanya ndipo nikaona. Chini ya jina la Dokta, kwenye kila moja, kulikuwa na nafasi nyeupe. Vidole viwili.

Nikachukua rula. Mia mbili tisini na saba.

Nikasimama, nikachungulia pembeni mwa kabati, jambo ambalo sifanyi. Masiko ilikuwa imefunikwa na kile kitambaa cha buluu, ambacho huifunika Siku ya Posho tu, saa ya kutoka. Papa Isidore amekaa kwenye kiti chake, mikono juu ya magoti, anaangalia sakafu. Muntu anayekaa hivyo unamuona kwenye kilio.

Mudomo wa Monique hauna mulango. Alikuwa amemuambia jana kwamba kukata kwake njo kunaharibu sertifika. Na yeye, bila kusema na muntu, alikuwa ameacha kukata. Kwa ajili yangu, ili nisifukuzwe mimi. Machozi yalinijia, na hasira pia, sijui ya nani. Ya Monique, ya Salomon, ya yule Mubelgiji aliyenunua masanduku mafupi.

Mutaniambia: lakini ilikuwa rahisi! Ungerudisha mashini kwenye A4, ukachapa tena, mambo yakaisha. Ndiyo. Kidole changu kilikuwa tayari kwenye P. Lakini nilijua kitakachofuata. Masiko itabaki imefunikwa. Papa Adalbert ataiona imefunikwa, na wiki ijayo muzee atakuwa kwenye baraza anaangalia barabara.

Mulango ukafunguka. Papa Adalbert, kravati ya mistari, na nyuma yake Dokta Eugène na kalamu yake mukononi.

"Mama Henriette! Ziko tayari?" Akaangalia masiko kabla sijajibu. "Ah, na muzee wetu amekwisha kufunika. Njo vizuri. Tumemuelewa. Papa Isidore, asante kwa kazi, kesho kwenye sherehe tutakushukuru mbele ya watu."

Muzee akainamisha kichwa.

Dokta alichukua sertifika ya juu, akaisoma, akainua nyusi. "Na huu mukia mweupe? Chini ya jina langu? Hapa muntu anaandika anachotaka na mimi nimekwisha kusaini. Hapana. Hizi sisaini."

"Mama!" akasema Papa Adalbert.

Nikakaa kwenye kiti. Nikatoka ndani ya programu, kioo kikawa cheusi. Nikaandika PAGE.

"Shefu, njoo usome mwenyewe," nikasema. "Mashini njo inasema, si mimi."

Akainama, akasoma kwa sauti: "Ingine. Urefu, mia mbili na sitini."

"Na karatasi za furushi ni mia mbili tisini na saba. Rula hii hapa. Karatasi ni ndefu kwa mashini yako. Jana nilikuwa na zilizokatwa, zikatoka vizuri, angalia." Nikamuonyesha ile moja ya jana. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichonyamazia ni nani aliyeandika ile mia mbili na sitini, na hakuna aliyeniuliza.

Papa Adalbert alikiangalia kioo kwa heshima, kama muntu anayesomewa barua ya serikali. "Kumbe inataka zikatwe."

"Hii mikia ikatwe yote sawasawa," akasema Dokta, "nitasaini sasa hivi. Nani anaweza?"

Wote wakageuka. Papa Isidore akasimama. Alivua kofia yake, na nilipoona anavua kofia nikajua kinachokuja: yule muzee hajui uongo. Anakwenda kuungama.

"Shefu," akasema, "kuna neno. Karatasi hizi za A4, tangu zilipoanza kufika, mimi njo..."

"Papa, kata!"

Ni mimi. Nilimukatiza mukwe wangu mbele ya wageni, kwa sauti ambayo watu wa zahanati waliisikia. Sikusema na kabati. Nilikuwa nimekwisha kulizunguka, nimesimama mbele yake, na sertifika zote mikononi. Nilimuangalia machoni. Ni ya rangi ya chai, sikujua. Urbain anayo vilevile.

"Kata hizi, Papa. Vidole viwili. Kama siku zote." Na nikamupa mukono kwa mukono.

Vidole vyake viligusa vyangu, vilikuwa baridi. Alizishika sertifika, akaangalia chini. Kisha akatoa kitambaa cha buluu, akakikunja, akagonga sertifika juu ya meza mpaka zikalingana, akazisukuma chini ya kisu. Kwaaa. Mukia mweupe wote ukaanguka kwa mara moja.

Dokta alizipitishia kidole ukingoni, akaridhika, akakaa kusaini. Papa Adalbert alikuwa bado anakiangalia kioo.

"Basi mashini hii haiwezi kukaa bila masiko," akasema.

"Inaonekana hivyo, Shefu."

"Na bila muntu wa masiko."

"Inaonekana hivyo."

Akatikisa kichwa, akaandika kitu katika kalenda yake ya mufukoni, na habari ya kumupumzisha muzee sikuisikia tena kutoka kwake.

Lakini mimi nilirudi mezani nikihesabu makosa yangu. Nilikuwa nimemukatiza, nimemuamuru, nimemugusa, nimemuangalia. Kwa siku moja nilivunja yote. Saa zilizobaki Papa Isidore hakusema neno na kabati. Alikata, akapangusa, akapeleka vipande vyake zahanati, akaenda nyumbani bila hata kikohozi. Kwenye sherehe alikaa mbali, kwenye kiti cha nyuma. Wakunga walipiga vigelegele, na mimi nilipiga mikono kama muntu anayepiga mbu.

Urbain alifika na treni Siku ya Posho jioni, amejaa vumbi la Nyunzu. Nilimueleza kabla hajavua viatu. Alishika kichwa.

"Mbele ya Dokta?"

"Mbele ya Dokta."

"Machoni?"

"Urbain, nimekwisha kusema machoni!"

Siku ya Mungu, baada ya misa, nikamukamata kuku wangu mweupe, yule anayetaga vizuri kuliko wote, nikamufunga miguu, nikamupa Urbain. "Muambie baba yako mimi najua nilichofanya. Muambie naomba musamaha. Akisema niache kazi, nitaacha." Na nilikuwa nasema kweli.

Urbain akaenda. Nilikaa jikoni, mboga ya sombe ikaungua, nikaiacha iungue. Nilisikia kupitia ukuta sauti ya Papa Isidore, kisha kicheko, lakini nilidhani ni cha mugeni, maana tangu musiba wa Mama Élisabeth sikuwa nimesikia muzee akicheka.

Urbain akarudi. Chini ya kwapa alikuwa bado amebeba kuku.

"Amekataa?" nikauliza.

"Anauliza kuku ni ya nini." Urbain alijaribu kukaza uso, akashindwa. "Anasema Ijumaa hakusikia muntu akimusemesha. Anasema kabati njo lilimuambia akate."

Nikamufungua kuku miguu.